Jinsi nilivyoidhibiti hofu ya ghafla kwenye daladala

Moyo ulikuwa ukienda mbio, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, naamini nakufa. Hospitali walipima moyo na damu, vyote vizima (anzeni hapo jamani, msikisie). Nikajaribu kunywa maji, kushuka kituo chochote, kuvuta pumzi ndefu. Hiyo ya mwisho ilizidisha! Kumbe ukihema mno, hewa ukaa hupungua kwenye damu, ndipo ganzi na kizunguzungu huja.

Kilichosaidia ni kuanza kwa kutoa pumzi. Naitoa yote, navuta kwa pua nikihesabu 4, natoa polepole hadi 6, midomo kama napuliza chai. Na sishuki. Hofu mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hupungua yenyewe. Ukikimbia, mwili unazidi kuamini daladala ndiyo hatari. Sasa natoka Mbagala hadi Kariakoo bila kushuka njiani.