Bega langu, panga na majani ya ng'ombe

Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kiko Kibosho, Kilimanjaro, kwenye mteremko, na ng'ombe wangu hawana habari kwamba nimestaafu. Wanataka majani kila siku. Nilipovuka miaka sitini bega la kulia likaanza kuuma, kwanza usiku nikililalia, baadaye hata kufunga kilemba ikawa shida. Mwanangu aliyeko Dar akasema niuze ng'ombe. Na maziwa ya chai je? Na samadi ya migomba? Watu wengine waliniletea mafuta ya kuchua ya kila rangi. Yanapasha joto, sikatai, lakini kesho yake ukishika panga maumivu ni yale yale.

Nikashuka KCMC, hospitali kubwa ya Moshi. Niliambiwa hakuna kilichokatika, ila kano zinazoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono zimechakaa kwa umri, na kila ninapoinua mkono juu zinabanwa chini ya mfupa wa bega. Dada wa mazoezi ya viungo akanipa mpini wa fagio. "Bibi, hebu kata kama unavyokata shambani." Nikapandisha mkono hadi usawa wa sikio, nikashusha kwa nguvu. Akakunja taulo dogo, akaniwekea kwapani. "Haya kata tena, na hili lisidondoke."

Jaribu mwenyewe uone. Taulo lisidondoke maana yake kiwiko kibaki karibu na mbavu, na kiwiko kikibaki hapo mkono hauwezi kupanda juu ya bega hata ukitaka. Nguvu inabidi itoke kiunoni na miguuni. Siku hizi nikifika kwenye guatemala, majani marefu ya ng'ombe, kando ya mfereji natanua miguu, nakunja magoti kidogo, mguu wa kushoto naurudisha nyuma usiwe kwenye njia ya panga. Nashika fungu kwa mkono wa kushoto, juu, mbali na makali. Halafu nageuka kiuno, panga linafuata chini chini kwa mshazari. Sinyooshi mkono kufuata majani ya mbali, kwa sababu panga likiwa mbali na mwili linalivuta bega zaidi. Nasogea mimi.

Panga lenyewe nalo lina neno. Nimeliacha lile refu la marehemu mzee, natumia fupi, jepesi. Nalinoa kwa tupa kabla sijatoka, maana panga butu linakulazimisha kupiga mara tatu penye kazi ya mara moja, na bega ndilo linalolipa. Mpini nimeuzungushia tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe. Hautelezi hata majani yakiwa na umande, kwa hiyo siukamati kwa kuung'ang'ania. Ukibana sana ngumi, mkono wote hadi shingoni unakaza.

Mzigo sibebi tena kichwani. Kubeba kwenyewe kulikuwa hakuniumizi sana, ila kule kuuinua kutoka chini. Nina toroli, na pale lisipopita nafunga vifungu vidogo, narudi tena.

Jioni nafanya mazoezi niliyopewa: nainama nikiegemea meza kwa mkono mzima, ule unaouma nauachia uning'inie, nauzungusha taratibu. Kisha napandisha vidole ukutani mpaka pale panapoanza kuuma, naishia hapo. Yanachosha kwa kuwa hayana msisimko wowote, lakini usingizi umerudi. Ila kama umeanguka na mkono ukakataa kabisa kuinuka, hayo si ya kujitibia nyumbani, nenda hospitali.

Ndizi nilidhani ndizo zitanishinda, kumbe hapana. Mkungu siufuati juu. Nalikata shina katikati, sio kulimaliza, mgomba unainama wenyewe kwa uzito, kijana wa jirani anaupokea kabla haujagonga ardhi. Tunagawana.

Kahawa ndiyo bado. Msimu ukianza mwezi wa 7, matawi ya chini nayachuma mwenyewe, ndoo nimeifunga kiunoni, na ya juu kidogo nayavuta kwa kijiti chenye ndoano. Mibuni ya zamani imekwenda juu mno. Baada ya mavuno huwa tunapogoa, na mwaka huu nimesema ikatwe vilele hadi kimo changu. Ile inayozeeka nitaibadilisha na miche ya chotara fupi kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu. Mpaka hapo, matawi ya juu ni ya mjukuu na ngazi yake.