Plani ya muji bila benye muji

Huku Goma mutu anajuaka plani ya muji siku anaona alama nyekundu ku ukuta wake, apo njo anasikia barabara itapita mu chumba ya watoto! Mwaka 2002 lava ya volkano Nyiragongo ilipasua muji katikati mpaka ikafika ku ziwa, batu bakarudi bakajenga juu ya yale majiwe, 2021 ikashuka tena ikaishia Buhene, pembeni ya muji. Sasa nani anajua vizuri moto ilipita wapi kushinda mama wa kartie Majengo mwenye alikimbia na mtoto mgongoni? Shefu wa avenu aite batu, karte ya iyo plani ibandikwe ku kartie mbele ya kusainiwa, tena mu Swahili, hapana ile Kifaransa ya biro.