Mashine izimwe mara moja tu: nilivyoipanga upya ratiba ya sevisi

Ushauri ulionichosha kuliko wowote katika kazi hii ni huu: "Mashine ikishazimwa, fanyeni kila kitu." Kila mtaalamu aliyepita karakana yetu aliutoa, na mkubwa wetu mmoja akauamini mpaka ukawa amri. Naandika kwa sababu kuna mafundi wanaoambiwa hivyo hivyo leo, na kwa sababu ratiba tuliyonayo sasa najivunia sana. Nimeipanga kadi kwa kadi.

Tulikotoka nako hakukuwa kuzuri. Tuna pampu, kompresa, mikanda ya kusafirishia mzigo, boila na jenereta ya akiba, na kila kijitabu cha mtengenezaji kilikuja na tarehe zake. Jumatatu anafika fundi wa grisi: mashine inazimwa, swichi inafungwa kufuli ili asije mtu akaiwasha, grisi inatiwa, kufuli linafunguliwa. Jumatano mwenzake anataka kukagua mkanda wa mota ileile. Ijumaa fundi umeme naye anataka kukaza nati za nyaya zake. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini kuzima, kufunga kufuli, kutundika kibao, kuhakikisha hakuna umeme wala presha iliyobaki, kisha kurudisha kila kitu, hayo yote yanakula muda mrefu kuliko kazi iliyokuleta. Watu wa uzalishaji wakituona tu walikuwa wanakunja uso, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo kukusanya kazi ni lazima, hilo silibishii. Ubishi wangu ni juu ya namna ya kuzikusanya.

Amri ilipotoka, tukawekewa siku kubwa ya matengenezo. Kila kitu kikazimwa. Mifuniko ya pampu ikafunguliwa, hata ya zile ambazo hazikuwa na shida yoyote. Beringi ambazo hazijaharibika zikatolewa zikawekwa mpya, kisa mashine imeshazimwa. Mafundi walipanga foleni kusubiri spana moja ya kupimia mkazo, stoo ikaishiwa gasketi kabla ya saa sita, na waliobaki wakarudishia zilezile za zamani. Jioni tukawasha. Pampu iliyokuwa kavu miezi yote ikaanza kudondosha maji kwenye maungio. Waya wa kihisi ulisahauliwa nje, mkanda wa mzigo ukagoma kuondoka. Halafu mota moja ikapata moto kwenye beringi kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja. Tulipoifungua, grisi ilikuwa imejaa hadi imesukuma nje sili, yaani kizuizi cha grisi isitoke. Grisi ikizidi, gololi za beringi zinaikoroga badala ya kuviringika juu yake, joto linapanda, na ziada inatafuta njia ya kuingia kwenye koili za mota.

Nilitaka kujua nani aliyeitia grisi kupita kiasi. Jibu lilikuwa kwenye karatasi. Programu ya kompyuta ilikuwa imechapisha kadi ya kila mwezi, ya robo mwaka, ya nusu mwaka na ya mwaka, zote kwa siku moja, na kila kadi iliandikwa "tia grisi". Mafundi tofauti walitii kadi tofauti. Hakuna aliyekosea kazi yake. Aliyekosea ni aliyepanga siku ile.

Jambo hili si geni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za doria za Jeshi la Anga la Uingereza, wakaona hitilafu zinaongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka, kisha zinapungua taratibu. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaleta ubovu. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wahandisi wa shirika la ndege la United la Marekani, walionyesha kwamba ni asilimia 11 tu ya vifaa vya ndege walivyochunguza ambavyo hatari yake ya kuharibika iliongezeka kadiri vinavyozeeka. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa pale vinapokuwa vipya, yaani vikishafungwa tu. Kila unapofungua kitu kizima, unakirudisha kwenye hatari hiyo. Yule anayesema "fanyeni kila kitu" ajibu hilo kwanza.

Nikaomba nipewe nafasi nipange mimi. Niliandika kila kazi kwenye kadi yake ya karatasi: kazi gani, inachukua muda gani, inafanywa na nani, inahesabiwa kwa saa za mashine au kwa kalenda. Halafu nikaongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye kijitabu chochote cha ratiba: mashine inatakiwa iwe katika hali gani. Inakimbia? Imezimwa lakini bado ya moto? Imepoa? Imefunguliwa? Nikazipanga kadi kwa hali hiyo kabla hata ya kuangalia tarehe.

Rundo la "inakimbia" lilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Kusikiliza beringi, kupima joto, mtetemo na ampea, kuangalia kinachovuja, yote hayo yanataka mashine iwe kazini. Upepo unaovuja kwenye mabomba ya kompresa utaupataje kompresa ikiwa imezimwa? Siku ile kubwa kazi hizi zilikuwa kwenye orodha, na watu waliziwekea alama ya tiki huku mashine zimelala. Nikazitoa zote kwenye ratiba ya kuzima, nikazifanya mzunguko wa fundi mmoja, mashine kwa mashine jinsi zilivyosimama sakafuni, asianze upande huu akarukia ule. Hapo uzalishaji walianza kunisalimia.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni jenereta. Zamani sevisi yake ilikuwa siku nzima na nusu ya siku hiyo ni kusubiri ipoe. Sasa inaanza ikiwa kwenye mzigo, yaani inalisha umeme: tunasoma presha ya oili, joto na volteji, tunachukua sampuli ya oili. Tunazima. Papo hapo swichi inatolewa kwenye hali ya kujiwasha yenyewe na waya hasi wa betri unachomolewa, kwa sababu jenereta ya akiba umeme ukikatika inaamka bila kuuliza mkono wa nani uko kwenye mkanda. Oili inamwagwa ingali moto, inateremka upesi na uchafu wake. Filta zinafuata. Wakati injini inapoa, tunakagua mikanda, mipira ya maji na betri. Ikifika kupoa kabisa, ndipo nafasi za vali zinapimwa, maana vijitabu vingi vinataka zipimwe injini ikiwa baridi. Kisha oili mpya, betri inarudishwa, tunawasha, tunaangalia kama kuna panapovuja, tunazima na kupima tena kiwango cha oili. Muda wa kusubiri umegeuka muda wa kazi, na mashine imetolewa kazini mara moja tu.

Tarehe sasa. Vijitabu vilisema siku 30, siku 45, siku 90, siku 100, miezi sita, mwaka. Ukizifuata hivyo hazikutani kamwe. Kwa injini mambo ni rahisi kwa sababu watengenezaji wengi hutumia saa 250, 500, 1,000 na 2,000, kila moja ni mara mbili ya iliyotangulia. Nikatafuta ngazi ya namna hiyo kwa kalenda. Watu walinishauri wiki 4, 13, 26 na 52, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Hesabu hiyo inaonekana nzuri hadi uigawe: 4 haiingii kwenye 13 wala kwenye 26, kwa hiyo kazi za mwezi na za robo mwaka zinapishana mwaka mzima zinakutana mwishoni tu. Nikachukua 4, 12, 24 na 48. Kila moja inaingia ndani ya inayofuata bila baki. Kazi ya mwaka inafanyika wiki chache mapema, na gharama ya hapo ni ndogo ukilinganisha na kuzima mashine mara mbili.

Kila muda niliushusha kwenye ngazi ya chini yake, sikuupandisha. Siku 90 na 100 zikaingia wiki 12. Zile za siku 45 zilinisumbua: kuzishusha hadi wiki 4 ni kupoteza. Kama kadi ni ya kuangalia tu, nimeishusha, hasara haipo. Kama ni ya kubadilisha kipuri, nimeiacha isimame peke yake. Usilazimishe kadi kuingia kwenye fungu, yaani kundi la kadi zinazofanywa kwa kuzima kumoja, kwa ajili ya uzuri wa jedwali.

Fungu kubwa linameza madogo. Wiki ya 48 ikifika, inachapishwa kadi moja yenye kazi zote, na zile za 24, 12 na 4 hazitoki. "Tia grisi" inaonekana mara moja, tena na gramu zake. Ilibidi nikae na kijana wa kompyuta mpaka tukaipata sehemu ya kuweka hilo kwenye programu. Tukiwa hapo tukaondoa tabia nyingine mbaya: kila kadi ilikuwa inajihesabia kuanzia siku ilipokamilika yenyewe, kwa hiyo kadi moja ikichelewa siku tatu, fungu linaanza kusambaratika. Sasa zote zinahesabu kuanzia tarehe ya fungu. Ruhusa ya kuchelewa au kuwahi ni asilimia 10 ya muda: siku mbili au tatu kwa kazi ya mwezi, mwezi mmoja hivi kwa kazi ya mwaka.

Kwa zinazohesabiwa kwa saa, mita inasomwa kila wiki bila kukosa. Mashine inayokimbia usiku na mchana inamaliza saa 250 kwa siku kumi na kidogo. Pacha wake anayefanya shifti moja ya saa nane, siku tano kwa wiki, anachukua zaidi ya wiki sita. Kuwapa tarehe moja kwa kuwa wanafanana ni kumwonea mmoja wao. Jenereta ya akiba nayo inaweza kukaa mwaka haijafika saa 250, lakini oili inazeeka hata ikiwa imetulia, kwa hiyo kwake kalenda inashinda mita.

Kuna kitu ambacho sikukubali kikusanywe, na hapa nilibishana na bosi hadi nikaomba kikao. Pampu zetu mbili zinasaidiana, moja ikifa nyingine inabeba. Alitaka zifanyiwe sevisi siku moja na fundi mmoja, "maana ameshashika spana." Nikamweleza ya tarehe 5 Mei 1983. Ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 855, iliruka Miami kwenda Nassau ikiwa na injini tatu na watu 172. Injini zote tatu zilikuwa zimefanyiwa kazi ileile: kuwekwa vijiti vya sumaku vya kunasa chembe za chuma kwenye oili. Vyote vilifungwa bila pete za mpira za kuzuia kuvuja. Injini ya kwanza kushuka presha ya oili ilizimwa na marubani, wakageuza ndege kurudi, kisha mbili zilizobaki nazo zikafa. Walifanikiwa kuiwasha tena ile waliyoizima, wakatua Miami wote wazima. Ndege ile ilikuwa na injini za akiba angani, lakini kosa moja lilirudiwa kwenye zote. Bosi alinyamaza, akasema, "Basi fundi, zitenganishe." Sasa pampu ya pili haiguswi hadi ya kwanza iwe imekimbia na kuthibitika, na inapowezekana mtu anakuwa mwingine.

Boila haina ubishi, tarehe ya ukaguzi wake anaipanga mkaguzi. Nimezileta kadi zake nyingine zote kwenye tarehe hiyo. Mafungu ya wiki 48 nimeyaanzisha wiki tofauti kwa kila mashine, nikijumlisha saa za mafundi kwenye kila wiki, ili pasiwe na wiki ya kukesha na nyingine ya kukaa.

Na kila fungu lina sanduku lake, linalopangwa siku moja kabla: filta, gasketi, pete za mpira, grisi ya aina iliyoandikwa kwenye mota, kwa kuwa grisi nyingine zikichanganywa hulainika na kutiririka nje. Gasketi mpya ikitoka sandukuni, ya zamani inaingia mahali pake. Kabla kufuli halijafunguliwa msimamizi wa shifti anahesabu za zamani, na zikipungua mashine haiwashwi. Mafundi wawili walinung'unika mwanzoni kwamba ni kutoaminiwa. Nikawaambia kadi zangu nami zinahesabiwa vilevile, wakaangalia, wakaona sahihi yangu iko pale chini.