Mandvi, waliponidhani Msidi

Desemba 2009 nilipanda basi la usiku kutoka Ahmedabad hadi Bhuj, kisha nikabanana na watu kwenye kigari, kilomita 60 hivi, mpaka Mandvi, bandari ya Kachi huko Gujarat, India. Nilikuwa mwanafunzi mwenye hamu moja: kuona kotia, lile jahazi la Kihindi, inavyoundwa. Babu alikuwa fundi wa mashua Lamu, na hadithi zake za utotoni zote zilikuwa na kotia za Kachi, zilizokuja na kaskazi zikangoja kusi ndipo zirudi.

Kila niliyemuuliza njia alinielekeza jumba la Vijay Vilas. Ni zuri, sibishi, lakini ni la miaka ya 1920, na mji wenyewe ni wa karne ya 16. Nikanunua dabeli mbili (mkate uliojazwa viazi, njugu na komamanga, na asili yake ni hapo hapo Mandvi) nikateremka mtoni Rukmavati.

Vyombo vinaundwa ukingoni, kando ya barabara, bila ua wala mlinzi. Kimoja kilikuwa bado mkuku (uti wa chini) na mataruma (mbavu) matupu. Kingine kilishapigwa mbao nzito za kutoka Malaysia, na mafundi walikuwa wanatia kalafati ya pamba kuziba nyufa za mbao, nyundo zikijibizana. Ningefumba macho ningesema niko kwetu. Ila siku hizi vinatiwa injini, na safari zao ni Dubai na Somalia.

Nilisimama pale nikijisikia mjuzi. Historia niliyoibeba ilikuwa ya kaniki, ya milango ya Kigujarati ya Unguja, ya nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wabhatia (jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu) wa Kachi waliokodi forodha ya Sultani Zanzibar kwa miongo mingi ya karne ya 19.

Mzee mmoja akaweka nyundo chini, akanitazama.

"Sidi?"

Nikatikisa kichwa. "Afrika," nikasema.

Akacheka. "Sidi. Afrika." Kana kwamba nimetaja kitu kile kile kwa jina la pili.

Wasidi nilikuwa nimewasoma chuoni: Wagujarati wenye asili ya Afrika. Baadhi ya wazee wao walikuja kama mabaharia na askari, na wengi waliletwa utumwani. Mwaka 1836 Rao Desalji wa Pili, mtawala wa Kachi, alipiga marufuku kuingiza watumwa. Mtu hapigi marufuku kisichokuwepo, na bandari kuu ya Kachi wakati huo ilikuwa hii niliyosimama nikila dabeli. Shehena hiyo babu hakuwahi kunitajia. Nami, kwa jinsi nilivyozipenda zile kotia, sikuwahi kumuuliza zilirudi na nini zaidi ya boriti na pembe.

Nadhani uso wangu ulibadilika, kwa sababu mzee aliacha kucheka. Akapiga ubao kwa viganja viwili.

"Goma," akasema. "Sidi, goma."

Neno hilo sikuhitaji mkalimani. Kwetu limebaki na herufi moja zaidi mbele, basi.

Akanisogezea ubao nipige mimi. Sikuwahi kuwa mpigaji. Nikajaribu chakacha niliyoisikia harusini, mkono wa kushoto ukachelewa, mafundi wawili wakageuka kutazama. Mzee akanishika vifundo vya mikono, akaniondoa taratibu, akapiga mwenyewe vile wanavyopiga wao.