Kambo na bomu la riwayani

Mwaka 1999 nilikuwa mwanafunzi hapa Lubumbashi, na zamu yangu ya kusoma mada mbele ya wenzangu ilikuwa imewadia. Nilichagua vitu vilivyobuniwa na watunga hadithi kabla mafundi hawajavitengeneza. Jioni moja uani kwetu, mtaa wa Kenya, nikajizoeza mbele ya msikilizaji mmoja tu: kambo wangu, yaani babu yangu, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akimenya karanga.

Nilianza na Jules Verne, kwa kuwa ndiye tuliyemjua tangu shuleni. Mwaka 1870 aliandika habari za nyambizi iendayo kwa umeme, akaiita Nautilus. 1954 Wamarekani wakashusha majini nyambizi ya nguvu za atomu yenye jina hilohilo. (Verne hakulibuni jina lenyewe. Robert Fulton alishalitumia kwa chombo chake mwaka 1800, lakini hilo nililiruka makusudi, lingeniharibia mada.) Halafu safari ya mwezini: mwaka 1865 Verne aliwarusha watu watatu kutoka Florida kwa mzinga, na 1969 wengine watatu wakaondoka Florida hiyohiyo, kwa roketi, maana mzinga ungewaponda palepale.

Kambo aliitikia "mm" kwa adabu, akaendelea kumenya.

Nikafika kwa H. G. Wells. Mwaka 1914 Mwingereza huyu alitoa riwaya ambamo miji inateketezwa kwa "mabomu ya atomu", naye ndiye aliyeyapa jina hilo. Mtu yuko ndani ya ndege, anang'ata kizibo cha bomu kwa meno, analitupa kwa mikono, na likishaanguka halizimiki, linalipuka siku baada ya siku. Mwaka 1932 mwanafizikia kutoka Hungaria, Leo Szilard, aliisoma riwaya hiyo. Mwaka uliofuata, akivuka barabara London, likamjia wazo la namna atomu moja ikipasuka inavyoweza kupasua nyingine, na nyingine. Mwaka 1939 akamwendea Einstein, na Einstein akatia sahihi barua kwa Rais Roosevelt. Barua ile inataja mahali penye chanzo kikubwa cha urani, madini ya kutengenezea bomu hilo: Kongo ya Wabelgiji.

"Kongo ya wapi?"

"Shinkolobwe, Kambo. Pale karibu na Likasi."

Vidole vyake vikasimama.

Nyumbani wote tulijua kwamba ujanani alifanya kazi migodini upande wa Likasi. Tulidhani ni shaba tu, kama wazee wote wa mji huu.

"Tulikuwa tunachagua na mikono," akasema. "Nyeusi huku, ya manjano na ya kijani kule. Ile nyeusi ni nzito! Kipande kidogo tu, bega inashuka. Tunajaza mufuko, tunafunga, inaenda na treni. Siye tulisema ni ya dawa."

Hawakukosea sana: mgodi ule kwanza ulichimbwa kwa ajili ya radiamu ya hospitalini. Lakini mimi nilikuwa na takwimu zangu na nilizionea fahari, nikazimwaga zote. Kwamba mawe yale yalifikia hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingine hata 1 haifiki. Kwamba tani 1,200 zilikuwa zimeshafika New York tangu 1940. Kwamba tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na hadi leo nikikumbuka sauti ile naona haya.

Kambo alikaa kimya mpaka mama akaita kwamba bukari iko tayari. Hakuinuka.

"Huyu wa kitabu, aliishi akaona?"

"Aliishi. Alikufa Agosti 1946."

"Akasema nini?"

Nilimwambia jambo nililolisoma: mwaka 1941, kabla hata ya bomu, Wells aliandika kwamba maneno ya kaburini kwake yawe, "Niliwaambia. Wapumbavu nyinyi."

Kambo akacheka kicheko kifupi cha puani. Kisha akanyoosha kidole chenye vumbi la maganda kwenye karatasi zangu.

"Weka na jina yangu pale."

Nililiandika kwa penseli, kati ya Szilard na Einstein, jina lote kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Siku ya mada nikalisoma kwa mfuatano uleule bila kueleza kitu. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja wa mstari wa nyuma akainua mkono, akauliza huyo wa katikati alikuwa mwanafizikia wa nchi gani.