Rufiji ni boti, gari baadaye

Aisee jumamosi ndo nimeelewa kwa nini watu wakirudi kutoka Hifadhi ya Nyerere hawaishi kuongelea boti. Tulikuwa sita kwenye Noah moja, tumetoka Dar saa tisa usiku, Mkuranga, Kibiti, hapo lami unaiaga alafu ni vumbi na mchanga mpaka Mloka, kijiji cha jirani na hifadhi, tukazama mara mbili tukashuka kusukuma, na mimi na ndala zangu eti nimependeza kwa safari.

Wengi bado wanaiita Selous, ila sehemu kubwa ya lile pori ilipandishwa hadhi 2019 ikawa hifadhi ya taifa na kupewa jina la Mwalimu. Ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000, kwa hiyo ukizunguka na gari siku moja ni kama umechungulia mlangoni tu. Twiga tuliwaona, swala wa kumwaga, sawa.

Ila mtoni Rufiji bhana! Nahodha kijana wa palepale Mloka akazima injini akaacha maji yatubebe, kimya, mbele yetu viboko kama kumi na tano, unaona masikio, macho na matundu ya pua basi. Mmoja akazama. Jamaa yetu akasimama apige picha, nahodha bila hata kupandisha sauti: "Kaka kaa chini, angalia mapovu." Kumbe kiboko haogelei kama tunavyodhani, anatembea chini kwenye mchanga, na ule mstari wa mapovu ulikuwa unakuja upande wetu. Injini ikawashwa fasta, hamna aliyeongea kama dakika tano hivi.

Mamba nae kalala kwenye kichanga mdomo wazi, nikajua ana hasira, kumbe anapunguza joto la mwili tu. Tulivyosogea akateleza majini hata tone halikuruka, hiyo ndo iliniogopesha kuliko viboko. Kwenye kingo kuna vindege vya rangi rangi vimetoboa udongo vitundu kibao, kila kitundu nyumba ya mtu, na kwa nyuma miti ya mivumo iliyokufa imesimama haina vichwa, tai kakaa juu ya mmoja anatuangalia kama tunamdai. Na maji hayohayo huko juu ndo yanazungusha mitambo ya bwawa la umeme, megawati 2,115.

Mkienda bebeni kofia maana pua yangu imebabuka mpaka leo, na nendeni kuanzia Juni mpaka Oktoba, masika ile njia ya Mloka hata trekta inalia.