Wiki ya Kwanza ya Injini Iliyowekewa Silinda Kubwa Zaidi

Pikipiki yangu ya 125 sasa ina silinda yenye kipenyo cha milimita 62 badala ya 56.5, na kwa kuwa mwendo wa pistoni umebaki milimita 49.5, ujazo umepanda kutoka takriban sentimita za ujazo (cc) 124 hadi 149. Wengi huniambia niiendeshe polepole mno kwa wiki nzima ili sehemu mpya zizoeane, ushauri ambao siukubali. Ringi, yaani pete zinazozunguka pistoni, hukaa vizuri pale tu shinikizo la gesi linapozisukuma kwenye ukuta wa silinda, wakati michirizi myembamba iliyopishana kwenye ukuta huo ingali mikali. Injini ikiachwa ingurume bila mzigo, ukuta hung'aa mapema na oili huanza kuliwa. Kwa hiyo huipasha moto kwanza, kisha hupanda mlima mdogo kwa gia ya tatu nikifungua mafuta hadi nusu, halafu huyafunga na kuiacha ipunguze mwendo yenyewe. Kasi moja isiyobadilika naiepuka kabisa. Oili ya kwanza, ya madini, niliimwaga baada ya kilomita 50, ikiwa imejaa vumbi la chuma linalometameta.